Sanduku la Lugha: “Nimwite nani huyu?” Kiindonesia cha ofisini na cha barazani

Toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu mwaka wangu wa kwanza Yogyakarta, nikasema mwenye swali la Kiindonesia alete. Mmeleta. Barua zimefika kutoka Morogoro, Muscat, Lamu, Kariakoo na Unguja, hadi nikaona ukurasa wote wa mwezi huu niuachie lugha hiyo moja. Kwa wasionijua: mimi ni mtoto wa Tanga. Nilikwenda Indonesia mwaka 2011 kwa KNB, ufadhili ambao serikali yao huwapa wanafunzi wa nchi zinazoendelea, na kabla ya kuingia kwenye masomo ya uzamili nilikalishwa kwanza darasa la lugha. Siku hizi nafundisha Kiindonesia jioni, sebuleni kwangu Dar es Salaam, na hakuna kazi ninayoipenda kuliko hiyo.

*Mwalimu, shikamoo. Nimepata nafasi ya kusoma Indonesia, naondoka baada ya miezi mitatu. Programu niliyoweka kwenye simu inanifundisha kwamba “wewe” ya heshima ni “Anda”. Lakini Mwindonesia mmoja ninayewasiliana naye anasema nikimwambia hivyo naongea kama tangazo la benki. Sasa nitamwitaje profesa wangu? – Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Rafiki yako yuko sahihi, ila asikufanye uichukie “Anda”. Neno hilo si la kale. Lilibuniwa miaka ya 1950, nchi ikiwa imeshapata uhuru wake, kwa kuwa watu walitaka “wewe” moja isiyopima umri wala cheo. Likashika kwenye matangazo, fomu na maelekezo ya kutumia dawa, yaani pale mwandishi asipomjua msomaji wake. Ukilitoa mbele ya mwalimu wako unamweka mbali nawe, kama vile hujatambua kwamba ni mwalimu wako.

Kwa Kiindonesia neno la “wewe” ni zito kuliko sarufi yote, na dawa yake ni kuliacha. Badala yake weka neno la undugu: “Bapak” kwa mwanamume, “Ibu” kwa mwanamke. “Bapak mau minum apa?” Neno kwa neno ni “Baba anataka kunywa nini?”, lakini unamwambia yeye mwenyewe, usoni. Mhudumu wa hoteli kwetu hufanya vivyo hivyo anapouliza, “Mzee atakunywa nini?” Ukimwita, unakata: “Pak”, “Bu”. Wala usisubiri mtu aote mvi. Karani wa miaka 28 aliye nyuma ya dirisha la ofisi ya uhamiaji ni “Pak” au “Bu”, maana pale unaongea na kazi yake.

Ukitoka nje ya geti la chuo mambo yanabadilika. Kijana anayekukaangia wali ni “Mas”, msichana wa dukani ni “Mbak”. Hayo ni maneno ya Kijava, na Yogyakarta utayasikia asubuhi hadi usiku. Bandung, kwa Wasunda, msichana yuleyule ni “Teteh”. Padang kaka ni “Uda” na dada ni “Uni”. Bali kaka ni “Bli”. Jakarta dereva ni “Bang”. Ukikwama, shika “Kak”, ambayo inakwenda karibu kila mahali kwa mtu wa rika lako au aliyekuzidi kidogo, awe wa kike au wa kiume.

“Kamu” ibaki kwa wenzako mliozoeana na kwa watoto. Mimi somo hili nililipata kwa mama mwenye nyumba. Siku ya nne tangu nipange kwake nilimkuta anatoka na kikapu, nikamuuliza kwa furaha, “Kamu mau ke mana?”, wewe unakwenda wapi. Hakunikemea. Alinyamaza, akafunga geti polepole, akaenda zake. Jioni binti yake akaja chumbani kwangu, akakaa kitandani, akaniambia kwa upole kwamba mama anaitwa Ibu. Nilikwenda usiku uleule kumwomba radhi. Miaka yote niliyokaa pale hakuacha kunitunzia chakula cha kufuturu, na mimi hadi leo naandika “Ibu” kwa herufi kubwa kila ninapomtumia ujumbe. (Ndivyo sheria yao ya uandishi inavyotaka pia: neno la undugu linalosimama badala ya “wewe” huanza kwa herufi kubwa.)

Kwa nafsi yako mwenyewe tumia “saya”. Haijawahi kumkosea mtu. “Aku” ni ya marafiki, ya nyumbani na ya nyimbo. Kuna jambo moja ambalo Kiswahili hakitakusaidia: “sisi” yetu wao wameigawa mara mbili. “Kita” ni sisi pamoja nawe ninayekwambia. “Kami” ni sisi bila wewe. Ukimwambia profesa “kita dari Tanzania”, umemfanya naye Mtanzania. Mwambie “kami dari Tanzania”. Lakini chakula kikiwa mezani na yeye amekaa hapo, ni “mari kita makan”, tule sote.

Ujumbe wa kwanza kwa mwalimu ndio ninaowarudisha wanafunzi wangu waandike tena na tena, kwa sababu ndio utakaokutambulisha kabla hamjaonana. Tuseme unataka kumwona kuhusu tasnifu yako. Andika hivi: “Selamat pagi, Pak. Mohon maaf mengganggu waktu Bapak. Saya (jina lako), mahasiswa S-2 dari Tanzania. Apakah Bapak ada waktu minggu ini untuk bimbingan tesis? Atas perhatian Bapak, saya ucapkan terima kasih.” Unaanza kwa salamu, kisha unaomba radhi kwa kumkatiza muda wake, unajitaja (“mahasiswa S-2” ni mwanafunzi wa uzamili), ndipo unapoomba, na shukrani inafunga. Hesabu: “wewe” haimo hata mara moja, “Pak” na “Bapak” zimeingia mara nne. “Mohon” ni kuomba kwa unyenyekevu, na huisikii sana sokoni. “Apakah” ni ile “je” yetu; barazani huachwa, sauti ikapanda tu. Utume asubuhi ya siku ya kazi. Na akikujibu kwa neno moja, “Silakan”, usidhani amekasirika. Maana yake ni karibu, fanya.

*Dada, mimi ni mtu wa Kilifi, nafanya kazi za nyumbani hapa Muscat pamoja na mwenzangu wa Indonesia. Tunaelewana kwa Kiarabu cha jikoni. Ni mtu mwema mno, nikaamua nijifunze lugha yake. Kitabu nimekimaliza nusu. Akipiga simu kwao siambulii hata neno. Kitabu ndicho kibovu au ni mimi? – Msomaji wa Kilifi, aliyeko Muscat*

Barua yako niliisoma mara mbili, dada yangu. Mtu anayejifunza lugha ya mwenzake wa jikoni, baada ya kazi ya siku nzima, ana moyo mkubwa.

Kwanza muulize anaongea lugha gani na kwao. Indonesia ina lugha zaidi ya 700. Wanawake wengi wanaofika Ghuba hutoka Java Magharibi, ambako nyumbani husemwa Kisunda, Java Mashariki, kwenye Kijava, au kisiwa cha Lombok, kwenye Kisasak. Kwa watu hao Kiindonesia ni kama Kiswahili kwa bibi wa Kigiriama: anakijua, anakitumia sokoni na ofisini, lakini mama yake akipiga simu lugha ya nyumbani ndiyo inayoamka. Kiindonesia kilichaguliwa kuwa lugha ya umoja na vijana waliokula kiapo tarehe 28 Oktoba 1928, na msingi wake ni Kimalay, si Kijava, ingawa Wajava ndio wengi. Kwa hiyo huenda kitabu chako kizima hakimo kwenye simu ile.

Na hata kama ni Kiindonesia kweli, barazani kinavua nguo za ofisini. Kitabu kinakupa “Saya tidak tahu”, sijui. Yeye anasema “Nggak tahu”. Kitabu kinasema “sudah”, yaani tayari, mdomo unasema “udah”. “Saja”, tu, inakuwa “aja”; “hanya”, nayo ni tu, inakuwa “cuma”; “seperti”, kama, inakuwa “kayak”; “bagaimana”, vipi, inakuwa “gimana”. “Sedang” inakuwa “lagi”: “Lagi apa?”, unafanya nini hapo. Vitenzi navyo vinakatwa kichwa. “Membeli”, kununua, inakuwa “beli”, “menunggu”, kusubiri, inakuwa “nunggu”, na “memikirkan”, kufikiria jambo, inakuwa “mikirin”, kichwa na mkia vyote vimebadilika. Si uvivu wala makosa. Sisi tunaandika “ninakwenda” na kusema “naenda”, na hakuna anayetuita wavivu.

Kisha kuna vile vineno vidogo ambavyo vitabu vinavipita, na mimi navipenda kuliko vyote, kwa kuwa Kiswahili chetu kimejaa ndugu zao. “Kok” ni “mbona”: “Kok belum tidur?”, mbona hujalala? “Sih” inakaa pale tunapoweka “kwani”: “Siapa sih?”, kwani ni nani? “Kan” ni ile “si” ya kukumbushana: “Kamu kan capek”, si umechoka wewe. “Dong” ni “basi” ya kubembeleza: “Ayo dong”, twende basi. “Nih” ni hiki hapa ninachokupa, “tuh” ni kile pale. Usivikariri kwa orodha. Msikilize anavyoviweka, kisha jaribu kimoja kwa wiki. Ukianza na “kok” utamwona anavyogeuka kukutazama.

Jikoni anza na haya: “Tolong ambil garam, Mbak”, nisaidie chumvi dada. “Sini, saya bantu”, lete nikusaidie. “Capek, ya?”, umechoka eh? “Istirahat dulu”, pumzika kwanza. Kama ni Msunda, badala ya Mbak mwite Teteh, au Teh kwa kifupi. Kuna “gue” na “lo” utakazozisikia kwenye tamthilia, mimi na wewe za vijana wa Jakarta, zilizotoka kwa Wachina wa Hokkien. Ziache. Zinampendeza aliyekulia nazo.

*Mwalimu, nasikia meza kwao ni “meja” na bendera ni “bendera”. Je, ni kweli kwamba kwa Mswahili lugha hii ni mteremko? – Msomaji, Lamu*

Ni kweli kwa kiasi. Bahari moja imetupitishia wageni walewale. Kutoka kwa Waarabu wana “kabar” (ndiyo “habari” yetu, na “Apa kabar?” ni “Habari gani?”), “waktu”, “dunia”, “umur”, “hukum”, “sabun”, “kertas” na “izin”. Kutoka kwa Wareno wana “meja” na “bendera” kama ulivyosikia, na huko Maluku na Manado kitambaa cha mkononi ni “lenso”, ndugu wa leso zenu. Kanisa kwao ni “gereja”. Sisi neno hilohilo la Kireno tukalifanya gereza, tazama historia inavyoweza kuligeuza neno moja. Karafuu ni “cengkih”, soma “chengkih”, na mti wenyewe ulitoka Maluku kabla haujafika Unguja na Pemba. Baadaye viwanda vyao vya sigara za kretek, zinazochanganywa na karafuu, vikawa vinanunua karafuu za Zanzibar.

Sarufi nayo ina milango tuliyokwisha ifungua. “Pelan-pelan” ni polepole, ikirudiwa vilevile. “Bukan” ni “si” na “tidak” ni ile “ha-” ya kitenzi: “ini bukan rumah saya”, hii si nyumba yangu, lakini “dia tidak pergi”, haendi. “Jangan” ni “usi-”. Na “belum” ni “bado”. Ukiulizwa kama umeolewa, kwao kujibu “tidak” kunasikika kama umeapa hutaolewa kamwe. Jibu ni “belum”. Wazungu niliosoma nao iliwachukua wiki kuizoea. Mimi na mwenzangu kutoka Burundi tuliipata siku ileile.

Matamshi yana mtego mmoja ambao ni wetu hasa. Ng yao ni ng' ya ng'ombe. “Bunga”, ua, hutamkwa “bung'a”. “Tangan”, mkono, ni “tang'an”. Wakitaka ng ya ngoma huandika g mbili, kwa hiyo “tangga”, ngazi, ndiyo inayosikika kama mji wangu. Pia e yao ina sauti mbili: ya “meja” ni kama yetu, ya “selamat” inamezwa karibu ipotee. Na k ya mwisho katika “Bapak” na “tidak” haitoki nje, inakatwa kooni.

Lakini maneno yanayofanana ndiyo yanayoumiza. “Duka” kwao ni huzuni. “Turut berduka cita” ni pole ya msiba. “Dada” ni kifua. “Siku” ni kiwiko. “Kuku” ni ukucha, na ukitaka kuku wa kula ni “ayam”. “Dua” ni mbili, na dua yetu wao huiita “doa”. “Kiri” ni kushoto, na ndiyo “shusha!” ya kwenye daladala zao: “Kiri, Bang!”, dereva anaegesha pembeni.

Lipo moja ambalo lazima nilieleze lote. Pale nilipopanga kulikuwa na mzee aliyelinda geti la jirani, mtu wa miaka sabini hivi, mpole, kila asubuhi akinipungia mkono. Wiki ya pili nilitaka kumheshimu kama ninavyowaheshimu wazee wa kwetu. Nikainama kidogo nikamwambia, “Selamat pagi, Babu.” Uso wake ulibadilika mbele yangu. Aliitikia kwa kichwa, akaangalia chini. Mwanafunzi wa chumba cha pili ndiye aliyenieleza: “babu” ni neno la enzi za Waholanzi la mtumishi wa kike wa nyumbani, na leo kumwita mtu hivyo ni tusi. Mzee wa watu, aliyefanya kazi maisha yake yote, binti mgeni amemwamkia kwa tusi. Nilirudi kwake mchana huohuo na yule mwanafunzi. Nikasema, “Maaf, Mbah”, maana “Mbah” ndiyo babu na bibi ya Kijava, na mwenzangu akamweleza kwamba kwetu Afrika Mashariki neno lile ni baba wa baba yako. Alikaa kimya kidogo. Kisha akalirudia mwenyewe, “Babu,” akaniuliza kama na mimi ninaye kwetu. Nikamwambia ninaye, Pangani. Tangu siku ile kila asubuhi aliniuliza habari za babu yangu wa Pangani.

Kwa hiyo msomaji wangu wa Lamu, mteremko upo, lakini ushuke ukitazama chini.

*Mimi ni mfanyabiashara wa nguo Kariakoo. Nakwenda Jakarta mwezi wa kumi na moja, nimeambiwa niende soko la nguo la Tanah Abang. Nipe maneno ya kununulia, siyo salamu. – Mfanyabiashara, Kariakoo*

Kaka yangu, salamu ndiyo inayoshusha bei, lakini sawa.

Tanah Abang wauzaji wengi ni “Bu”, “Pak”, “Kak”, na ukimkuta mtu wa Padang, nao ni wengi pale, “Uda” au “Uni” itamfurahisha. Uliza “Ini berapa, Bu?” Atakapojibu “dua puluh lima”, usidhani ni rupia ishirini na tano, wamemeza elfu, ni 25,000. “Ribu” ni elfu, “juta” ni milioni, “satu setengah juta” ni milioni moja na nusu. Kisha “Boleh kurang, Bu?”, inaweza kupungua? Akisema “Harga pas”, amefunga, bei ni hiyohiyo. Nenda mapema. Mteja wa kwanza ni “penglaris”, anayefungua biashara ya siku, na muuzaji hapendi aondoke mikono mitupu.

Ya jumla ni “grosir”, rejareja ni “eceran”. Dazeni ni “lusin”. Na ukisikia “kodi”, hakuna anayekudai kodi: ni mafungu ya nguo ishirini ishirini. Wazee wetu wa biashara ya vitambaa walikuwa na hesabu hiyohiyo, wakiiita korija. Muulize baba yako.

Ukishamaliza sokoni na kuanza kuandikiana na kiwanda, vaa suti tena. Anza “Dengan hormat”, jiite “kami” kwa kuwa sasa wewe ni duka, na omba kwa kutendwa, si kwa kuamuru: “Mohon dikirimkan daftar harga”, tunaomba tutumiwe orodha ya bei. Malipo ya awali ni “uang muka”. Hata na mtu mliyepatana naye jana kwa kicheko, barua ya kazi iwe hivyo. Hataona umebadilika, ataona unaijua kazi.

*Nahitaji cheti cha Kiindonesia kwa kazi ya ukalimani. Kipo? – Msomaji, Nairobi*

Kipo. Mtihani unaitwa UKBI, unasimamiwa na taasisi ya lugha ya serikali yao. Unapima kusikiliza, kanuni za lugha, kusoma, kuandika na kusema, na madaraja yako saba, la juu kabisa likiitwa Istimewa. Kule lugha rasmi ndiyo inayopimwa, kwa hiyo “nggak” zako ziache nje ya mlango. Kamusi ya kukutegemeza ni KBBI, iko mtandaoni bila malipo, na neno la barazani hulipa alama “cak”, kifupi cha mazungumzo ya kawaida. Mimi bado naifungua kila siku.

*Bi Mwalimu, nimeposa kwa Waindonesia. Mchumba wangu ni wa Surabaya, tulikutana masomoni. Mwezi wa Rajabu nakwenda kwao na mjomba wangu. Sitaki kumwaibisha. Niseme nini nikifika? – Msomaji, Unguja*

Mwenyezi Mungu akutilie kheri, mwanangu.

Mlangoni sema “Assalamualaikum”, na hapo uko nyumbani. Wazee utawapa mkono wa kulia, ukiinamisha kichwa hadi paji la uso liguse mkono wao. Wenyewe huita “salim”. Utaambiwa “Silakan duduk”. Chai italetwa. Usiiguse. Kaa hadi baba aseme “Silakan diminum”, na hata akisema, kunywa kidogo. Ukipita mbele ya waliokaa, inama, tanguliza mkono wa kulia chini, sema “permisi”.

Wao utawaita Bapak na Ibu, wewe ni “saya” mwanzo mpaka mwisho, hata kama mchumba wako mnaitana “aku” na “kamu”. Ukimtaja baba yao kwa mtu mwingine usiseme “dia”; sema “beliau”, yeye ya heshima. Neno la kuja nalo ni moja, lifanyie mazoezi mpaka lisikutetemeshe: “Saya mohon doa restu Bapak dan Ibu.” Naomba dua na radhi zenu, Baba na Mama. Mengine mwachie mjomba na mkalimani. Nyumbani watakuwa wanasemezana Kijava, na Kijava kina ngazi zake za heshima ambazo ni bahari nyingine. Jifunze mawili tu: “nggih”, ndiyo ya adabu, na “matur nuwun”, ahsante. Ukimwambia mama yake “matur nuwun, Bu” pale anapokupokea kikombe, atakwenda kuyasimulia jikoni.

*Swali fupi. Jirani yangu wa hapa hosteli, Mwindonesia, kila akiniona ananiuliza “Sudah makan?” Nikisema nimekula, anaitikia na kupita. Anataka nini? – Mwanafunzi, Dodoma*

Anakusalimia. Ni sawa na sisi tunavyoulizana “Umeamkaje?” bila kusubiri maelezo. Jibu la kawaida ni “Sudah, Mas”, au “Sudah, Mbak” akiwa msichana, na kama ni mkubwa wako “Sudah, Pak”. Lakini siku ambayo kweli hujala, na huna haraka, jaribu kumjibu “Belum”. Usishangae akikuvutia kiti.